Mnyororo wa Upande wa Kushoto

Hamtramck, Michigan
Jumatatu, 5 Oktoba 1970

Mdogo wangu Kaz,

Sajini Ostrander wa polisi wa hapa alisema leo asubuhi kwamba gari alilokuwa akiendesha mdogo wetu Florian lilikuwa limezidi maili sitini kwa saa lilipopanda kando ya barabara kwenye kona ya Joseph Campau na Caniff, Jumamosi jioni. Alisema pia kwamba alama zilizobaki kwenye lami ni za magurudumu yaliyokuwa yakisukuma, si za gari linalofunga breki. Bibi Teodora Lis alikufa papo hapo. Alikuwa anatoka kuungama. Florian yu hai. Jana walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Nimeanza na hayo kwa kuwa ndiyo niliyoweza kuyathibitisha. Mengine bado ni maneno ya watu. Mwenye bucha ng'ambo ya barabara anasema kulikuwa na gari la buluu pembeni ya Florian kwenye taa, na kwamba wawili hao walikuwa wakishindana. Hakuona sura ya dereva wala namba ya gari. Florian anasema hakukuwa na mashindano yoyote. Taa iligeuka kijani, akakanyaga mafuta kama siku zote, injini ikaruka chini ya boneti, na pedeli ikashuka hadi chini yenyewe. Nilimsomea Sajini maelezo hayo. Akasema, "Bibie, wote husema hivyo. Sijawahi kukutana na dereva aliyeshusha pedeli kwa mguu wake."

Polisi wameandika kwamba gari lina injini kubwa ya mashindano, inchi za ujazo mia tatu tisini na sita. Nilimkumbusha Sajini kwamba gari la Bwana Dudek, jirani yetu, lina inchi mia nne, linabeba watoto watano na bibi yao kwenda misa, na dukani alikolinunua waliliita la injini ndogo. Akaniuliza kama ninataka kahawa.

Mama amekwenda kwa Mzee Lis, mume wa Teodora. Ameosha vyombo alivyoviacha Teodora na kukaa na mzee hadi usiku. Unajua walivyokuwa, yeye na Teodora: miaka ishirini na mbili benchi moja kanisani.

Shtaka ni kuua bila kukusudia. Kifungo chake kinafika miaka kumi na mitano.

Gari lile ulilitengeneza wewe kabla jeshi halijakuchukua. Kwa hiyo nakuuliza: pedeli inaweza kushuka yenyewe? Nijibu kama mwandishi wa habari anavyojibiwa. Ndiyo, hapana, au sijui.

Dada yako,
Wanda


Baumholder, Ujerumani
14 Oktoba 1970

Dada Wanda,

Barua yako nimeisomea chini ya lori la tani tano, mahali pekee hapa ambapo luteni haniulizi ninafanya nini. Nimeisoma mara tatu. Bibi Teodora ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Mwambie Florian nampenda, na mwambie hapa tuna fundi wa Tennessee asiye na mguu anayetambaa chini ya malori haraka kuliko sisi sote. Ni uongo, lakini mwambie.

Sasa nisikilize vizuri. Upande wa kushoto wa injini, kuanzia kwenye kichwa cha silinda kushuka hadi kwenye chasisi ya gari, kulikuwa na mnyororo. Mfupi, mzito, pingili kama kidole gumba. Nataka kujua kama bado upo. Usimuulize Mama. Usimwambie wakili. Angalia tu, kisha uniandikie.

Pedeli kwa kawaida hazishuki zenyewe.

Mdogo wako,
Kaz


Hamtramck
Ijumaa, 23 Oktoba 1970

Kaz,

Wakili wa Florian, Bwana Feldkamp, alinieleza juzi kwamba mwendesha mashtaka ametoa sharti. Florian akikiri kwamba alikuwa akishindana na lile gari la buluu, serikali itaomba miaka mitano. Asipokiri, itaomba kumi na mitano. Jibu linatakiwa mahakamani tarehe 9 Novemba.

Mnyororo haupo. Gari limo kwenye yadi ya polisi, na waliniruhusu kutazama nikiwa nje ya kamba. Boneti imejikunja upande wa kulia, lakini upande wa kushoto unaonekana vizuri. Injini imelala kando. Sajini anasema vishikizo vyake vilikatika kwa ajali.

Nilimuuliza Florian kuhusu mnyororo. Alishangaa kwamba ninaujua, akasema atakuandikia mwenyewe.

Mama huenda hospitali kila siku baada ya misa. Jumatano nilikuwepo. Alikuwa amemletea supu ya viazi sukari vyekundu kwenye chupa ya chai. Alisubiri anywe, ndipo akasema, "Mwanangu, umeua mtu mwema. Mungu anasamehe kuua. Usimwongezee uongo juu yake."

Florian akasema, "Mama, sikukanyaga."

"Hata Bogdan, mtoto wa shangazi yako, baada ya ajali yake alimwambia padri hakukanyaga. Alisema hivyo mpaka akakata roho."

"Mama, gari la Bogdan lilikuwa na injini kubwa. Yangu ni ndogo kuliko ya Dudek."

"Ndiyo," Mama akasema. "Ndiyo maana najua si gari."

Mimi mwenyewe niliona hoja hiyo ina mantiki.

Hukujibu swali langu. Ulinirudishia swali. Mtu akinifanyia hivyo kazini, naandika kwamba alikataa kujibu. Sitaki kukuandika hivyo. Mnyororo ule ulikuwa wa nini?

Wanda


Hospitali, Hamtramck
27 Oktoba 1970

Kaka Kaz,

Usicheke mwandiko, naandika nikiwa nimelala. Wanda ameniambia habari za yule fundi wa Tennessee. Najua umemtunga. Wewe ukitunga mtu lazima atoke Tennessee.

Ameniuliza kuhusu mnyororo. Niliutoa mimi, Agosti, nilipokuwa naosha injini kabla ya kwenda kulizungusha gari barabara ya Woodward. Ulikuwa unagonga kama punda mwenye pingu. Halafu, we Kaz, ule mnyororo ulinitia aibu. Kila nikifungua boneti jamaa wanauliza, "Hiyo nini, mbwa wako yuko wapi?" Mtoto wa Dudek ndiye aliyenimaliza. Alisema minyororo ni ya wenye injini kubwa, mtu mwenye tatu tisini na sita akiufunga ni kama bwana mfupi kuvaa kofia ndefu. Tukafungua boneti ya baba yake tukatazama. Mia nne, na hakuna mnyororo. Nikasema basi, Kaz aliuweka kwa urembo. Nikaufungua. Mama anafungia geti.

Gari lilikwenda vizuri tu, Agosti yote na Septemba yote. Ndiyo maana sielewi.

Nataka nikuulize kitu, na usimwambie Wanda kwa sababu ataniandikia maswali kumi. Unadhani inawezekana mtu akanyage mafuta asijijue? Wakili ameniuliza kwa upole sana. Mama ananiuliza. Sajini aliniuliza akiwa ameshika mkono wangu, mtu mzuri tu. Mwanzoni nilikuwa na hakika. Nilisikia injini inaruka, nikahisi pedeli inaukimbia mguu, nikaweka miguu yote miwili kwenye breki. Sasa nikifumba macho naona mguu wangu ukiwa kwenye breki, kisha nauona ukiwa kwenye mafuta. Naona vyote viwili. Nao mguu wenyewe haupo niuulize.

Nilimwona Bibi Teodora. Alikuwa ameinua mkono akidhani namsalimia.

Kama kuna kitu unakijua kuhusu gari, niambie kabla ya tarehe tisa. Kama hakuna, niambie pia, nijue ni mimi.

Mdogo wako,
Florian


Baumholder
4 Novemba 1970

Dada Wanda,

Barua ya Florian imefika leo. Najibu leo, haya hayaingii kwenye simu ya maandishi, na najibu swali lako la kwanza: ndiyo.

Injini haiwi kubwa kwa sababu ya namba. Wewe, Mama, Florian, mtoto wa Dudek, nyote mmehesabu inchi kama watu wanaonunua kitambaa. Kiwandani kuna kalibu mbili za kumiminia chuma cha injini, ndogo na kubwa. Kalibu ndogo unaweza kutanua silinda zake hadi zifike inchi mia nne, na bado ni injini ndogo: nyembamba, nyepesi, mtu na mdogo wake wanaibeba. Hiyo ndiyo ya Dudek. Kalibu kubwa hutoa chuma kingine kabisa. Kipana zaidi, kizito zaidi, na nguvu yake ya kuzungusha inapokuja inataka kujipindua itoke kwenye gari. Hata silinda zake zikiwa pungufu ya zile za Dudek kwa inchi nne, ni kubwa. Ile ya Florian ilitoka kwenye kalibu kubwa. Niliitoa mwenyewe kwenye gari lililogongwa nyuma, nikaiweka mahali pa ile ndogo, Machi, mlipokuwa wote kanisani kwenye novena.

Vishikizo vya injini ni vipande viwili vya chuma vyenye raba katikati. Niliacha vile vya injini ndogo. Matundu yanalingana, bolti zinaingia bila kusumbua, na hilo ndilo baya lake. Kila anayefanya hivi mtaani kwetu anajua raba ya kushoto itachanika siku moja, kwa hiyo anafunga mnyororo. Raba ikichanika na mnyororo upo, injini inainuka kidogo inakamatwa. Mnyororo ukiwa haupo, injini inainuka upande wa kushoto na kuivuta fimbo inayofungulia mafuta kwenye kabureta. Pedeli inashuka yenyewe. Dereva akikanyaga breki, magurudumu ya nyuma bado yanasukuma.

Sasa kwa nini sikumwambia Florian. Unakumbuka Mama alivyosema tulipotoka kumzika Bogdan, kwamba gari lenye injini kubwa halitalala kwenye uwanja wake maadamu yu hai. Machi aliponiuliza pale mezani nimeweka nini, nilimwambia, "Tatu tisini na sita, Mama. Ya Dudek ni mia nne na wanaiita ndogo." Akafurahi. Nilimpa namba ya kweli ili nisimpe ukweli. Baba angejua kwa kutupa jicho moja, lakini unamjua, tangu astaafu hafungui boneti ya mtu yeyote. Anasema ameona injini za kumtosha hadi kaburini.

Nilipoondoka Mei nilitaka kumwambia Florian asiuguse mnyororo. Lakini angeuliza kwa nini, na kumwambia kwa nini ni kumwambia injini ni kubwa, na Florian hajawahi kumficha Mama kitu tangu azaliwe. Nikajiambia hatafungua kitu asichokijua.

Mwambie wakili haya yote. Waangalie raba ya kushoto: iliyochanika polepole ina vumbi na mafuta ndani ya ufa, iliyokatika kwa ajali ni safi. Waangalie chini ya boneti kama chujio la hewa limepiga alama.

Kwa Mama, nakuomba, sema raba ilikuwa mbovu. Basi. Asijue habari ya namba.

Kaz


Hamtramck
Jumamosi, 14 Novemba 1970

Kaz,

Florian alikiri kosa Jumatatu iliyopita, tarehe 9, mbele ya jaji. Barua yako ilifika Alhamisi, tarehe 12.

Nilikuwepo mahakamani. Walimleta kwa kiti cha magurudumu. Jaji alimuuliza, "Ulikuwa unashindana?" Akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Jaji akamuuliza kama pedeli aliikanyaga mwenyewe. Bwana Feldkamp akainama kumgusa bega, ndipo Florian akasema, "Nadhani ndiyo." Jaji alisema nadhani haiandikwi. Florian akasema, "Basi ndiyo." Mama alilia, akanishika mkono akasema amempata tena mwanawe. Mzee Lis alikuwa benchi la nyuma. Alitoka bila kumsalimia mtu.

Jana Bwana Feldkamp alipata kibali, tukaenda yadi na mtaalamu wake. Baba aliomba kuja. Walipoinua boneti kwa mtalimbo alisogea, akaweka kiganja juu ya injini kama anayepima homa. Alimimina chuma cha injini hizi kiwandani miaka kumi na saba. Alisema, "Hii ni kubwa." Kisha akasema, "Ililala chini ya dirisha langu."

Mtaalamu alikuta ufa wa raba ya kushoto una mafuta yaliyogandamana na vumbi zaidi ya nusu yake. Chini ya boneti kuna alama ya upinde, na rangi ya chujio la hewa imebaki juu yake. Ameandika kwamba injini iliinuka kabla ya kugonga kitu chochote.

Bwana Feldkamp anasema haitoshi. Florian amekiri, na mwendesha mashtaka atasema raba mbovu haimzuii mtu kushindana. Kukiri kunaweza kufutwa kabla ya hukumu kama aliyeiweka injini atasimama mwenyewe, aape, na kueleza aliweka nini, kwa vishikizo vipi, na kwa nini dereva hakuambiwa. Barua ya kaka, anasema, hakuna jaji anayeipa uzito. Nilimuuliza kitakachokupata. Alisema serikali inaweza kukushtaki wewe kwa kifo kile kile, na kwamba hawezi kukuahidi kinyume chake. Nakuandikia kama alivyosema.

Uliniomba nimwambie Mama kwamba raba ilikuwa mbovu tu. Sikufanya hivyo. Nilimsomea barua yako yote, kwa Kipolandi, mezani, Baba akiwepo. Aliniomba nirudie sehemu ya namba. Nikarudia. Akauliza, "Alisema hivyo wakati anakula?" Nikasema sikumbuki. Akasema, "Alikuwa anakula. Aliniomba mkate."

Kisha alitoka uani bila koti. Alirudi na ule mnyororo wa geti, akautandika mezani juu ya gazeti. Umepata kutu mwisho mmoja. Akasema, "Nilimwita mwanangu mwongo. Kila siku, na supu mkononi."

Hukumu ni tarehe 7 Desemba. Niambie kama unakuja au huji. Sihitaji sababu.

Wanda


SIMU YA MAANDISHI
Baumholder, 23 Novemba 1970

WANDA GRABIEC HAMTRAMCK MICHIGAN
RUHUSA IMETOLEWA. NATUA DETROIT JUMAMOSI TANO DESEMBA. NITAAPA. KAZ


Hamtramck
Jumanne, 24 Novemba 1970

Kaz,

Bwana Feldkamp alisema leo mchana kwamba jaji amekubali kukusikiliza kabla ya kutoa hukumu. Mwendesha mashtaka hakupinga. Alisema tu kwamba naye atakuwa na maswali yake kwako, na kwamba uje na wakili wako. Nimekutafutia mmoja.

Nilimwambia Florian jana jioni. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kalibu, raba, mnyororo, na ulichomwambia Mama mezani. Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atauliza juu yako. Aliuliza, "Kwa hiyo mguu ulikuwa kwenye breki?" Nikasema ndivyo ushahidi unavyoonyesha. Akasema, "Yote miwili?" Nikasema sina ushahidi wa yote miwili. Akageukia ukutani. Baadaye kidogo akasema, "Mnyororo niliutoa mimi lakini." Muuguzi akaniomba nitoke.

Barua hii itakufikia kabla hujapanda ndege, kwa hiyo naandika la Mama kama alivyolisema, bila kulilainisha. Usije nyumbani kwanza. Amekwenda kwa Mzee Lis mwenyewe, akamwambia una jambo la kumweleza, hakumwambia ni lipi. Anasema mzee asije akalisikia mahakamani kutoka kwa wakili, alisikie kwako, ukiwa umesimama mlangoni kwake, na namba uitaje. Ukimaliza huko, uje ule. Amesema hivyo: "Akimaliza, aje ale." Jumamosi utalala kwangu.

Mnyororo uko kwa Bwana Feldkamp. Geti tunalifunga kwa kamba.

Mzee Lis atakuwa nyumbani kwake Jumapili, tarehe 6, baada ya misa ya saa nne. Mahakama ni Jumatatu, tarehe 7 Desemba, saa tatu asubuhi, chumba cha pili.

Wanda